Kabla hatujasema hana nia ya kuacha unga

Tangu video fupi za ADHD kwa watu wazima zianze kuzagaa kwenye simu zetu, mjadala wake hapa Dar es Salaam umebaki wa aina moja. Huku yuko kijana wa ofisini anayeeleza jinsi anavyosahau miadi, anavyoanza kazi tano bila kumaliza hata moja, na alivyopata ahueni baada ya kujua kwamba tatizo lake la upungufu wa umakini linafahamika na linatibika. Kule wako wanaomjibu kwamba hayo ni maradhi ya wenye nafasi, na kwamba mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala ya Mbagala hana muda wa kuugua vitu kama hivyo. Wanabishana huku mhusika mkuu hayupo. Kwa maoni yangu, watu wa jiji hili wenye uwezekano mkubwa wa kuishi na hali hii bila kujua, na bila kuambiwa na yeyote, ni waraibu wa dawa za kulevya: wale wanaopanga foleni ya methadoni, dawa ya kunywa inayotibu utegemezi wa heroini, wanaoingia na kutoka soba hausi, nyumba za kuwasaidia waraibu kuacha dawa, na wanaolala chini ya miembe ya vijiwe vyetu. Na kosa letu ni zaidi ya kuwasahau. Huduma tulizowajengea zinawaadhibu kwa dalili zenyewe za hali hiyo, halafu tunawaambia hawana nia ya kuacha.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Vigezo vinavyotumika sana duniani, vilivyopitiwa upya Marekani mwaka 2013, vinataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, tena katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kurithi kunachangia takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya mtu na mtu. Mtoto aliyekuwa akipanda juu ya madawati akikua huwa hapandi tena. Utundu ule huhamia ndani: moyo haukai, mguu haukai, anakatiza wenzake maneno, hela ya kodi anaitumia kwa jambo lililomjia dakika hiyo, anaahidi kwa dhati na kusahau kabla jua halijazama. Akili anayo. Jambo likimvuta anaweza kulifanya saa sita bila kula. Kinachomshinda ni kuuelekeza umakini wake kule anakotaka uende, na kusubiri faida iliyo mbali wakati kuna kitu cha karibu kinachomwita. Makadirio ya kimataifa yanasema watu wazima wenye hali hii ni kati ya asilimia 2 na 3.

Ukiingia kwenye vituo vya matibabu ya uraibu, hesabu inabadilika. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta takriban asilimia 23 ya watu wenye uraibu wana ADHD, yaani karibu mmoja katika kila wanne. Miaka miwili baadaye yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwa utaratibu mmoja katika nchi kumi za Ulaya, Marekani na Australia. Humo Hungary ilikuwa chini ya mmoja katika kumi, na Norway karibu theluthi nzima. Tofauti hiyo inatosha kutukataza kuibeba takwimu ya Norway na kuibandika Kigogo. Lakini hata pale palipokuwa chini kabisa, kiwango kilikuwa mara mbili hadi tatu ya kile cha watu wa kawaida mitaani. Na mwenendo wao unafanana: wanaanza sigara na pombe mapema kuliko wenzao, wanafika kwenye utegemezi haraka zaidi, na wakitaka kutoka wanapata taabu zaidi. Si vigumu kuona kwa nini. Mtu ambaye ubongo wake hauridhiki na malipo ya mbali, na ambaye breki zake za uamuzi ni dhaifu, akipewa kitu kinachotuliza au kuchangamsha papo kwa papo, anakishika kwa nguvu kuliko jirani yake aliyeonja siku ileile.

Tusiidharau kazi iliyokwisha kufanyika hapa nyumbani. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, ukiwa mpango wa kwanza wa umma wa aina yake katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Ikafuata Mwananyamala, ikafuata Temeke, kisha huduma ikatoka nje ya Dar es Salaam. Lengo la mwanzo lilikuwa kuzuia Virusi vya Ukimwi kuenea kupitia sindano, na kwa lengo hilo methadoni imeokoa watu wengi. Dozi moja inamshikilia mgonjwa siku nzima bila arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, anaweza kufanya kibarua, anaweza kurudi kwao. Mimi ni mtetezi wa huduma hii. Lakini methadoni inashughulikia njaa ya heroini peke yake. Mtu aliyeingia akiwa na mambo mawili anatibiwa moja, na lile la pili linabaki kumsukuma kurudi alikotoka. Wakati wa kumpokea huulizwa dawa gani anatumia, tangu lini, kama anajidunga. Hupimwa Ukimwi, homa ya ini, kifua kikuu. Ni maswali ya lazima. Katika waraibu niliozungumza nao kwa miaka kadhaa, sijampata hata mmoja aliyeniambia kwamba aliulizwa alikuwaje darasa la tatu.

Nilisimama asubuhi moja karibu na dirisha la kutolea dozi katika kliniki mojawapo ya jiji. Utaratibu ni uleule kila siku: unataja namba yako, muuguzi anapima dawa, unakunywa mbele yake, unakunywa maji, unasema neno moja ili aone hujabakiza kitu mdomoni. Dirisha lina muda wake wa kufungwa. Kijana mmoja wa Manzese alifika limeshafungwa, jasho linamtoka, na ilikuwa mara ya pili wiki hiyo. Nyumbani alitoka mapema kabisa. Njiani alikuta mtu anahangaika na bodaboda iliyokatika mnyororo, akainama kusaidia, na saa ikamtoka kichwani. Mama yake, aliyekuwa amemtangulia, alikuwa na bahasha ya vyeti vya mwanawe kwa ajili ya kazi waliyokuwa wakimtafutia. Ndani yake mlikuwa na ripoti za shule ya msingi, na kwenye moja mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: “Ana uwezo mkubwa lakini hatulii, hamalizi kazi, anasumbua wenzake.” Mstari mmoja wa mwalimu hauthibitishi ugonjwa. Lakini ndio aina ya ushahidi ambao daktari wa magonjwa ya akili popote duniani angeomba kuuona kwanza, na ulikuwa pale, ndani ya bahasha ya kaki, hatua chache kutoka dirishani.

Kuchelewa huko kuna uzito wa kitabibu. Mgonjwa wa methadoni akikosa dozi siku kadhaa mfululizo, uvumilivu wa mwili wake kwa dawa unashuka, na ni hatari kumrudishia kiwango alichokuwa nacho. Lazima apunguziwe na kupandishwa upya polepole. Siku hizo za kupandishwa ni siku za arosto, na siku za arosto ndizo mtu anazonunua kete ya heroini. Kwa hiyo kusahau, jambo ambalo kwa mfanyakazi wa benki lingemgharimu karipio, kwa huyu linamrudisha kijiweni. Faili linaandikwa “hahudhurii ipasavyo”. Baada ya mara tatu au nne za namna hiyo, hata mhudumu mwenye moyo mzuri anaanza kuamini kwamba huyu hajaamua.

Soba hausi nako kuna jambo ambalo nadhani tumelisoma vibaya kabisa. Kila mwenye soba hausi atakusimulia habari za mkaazi aliyekuwa mfano wa kuigwa: anaamka kengele inapogonga, anafagia, anaongoza mkutano wa asubuhi, anawapa moyo wageni. Anamaliza miezi yake, familia inamfanyia sherehe, na ndani ya wiki chache ameonekana Kinondoni akitafuta unga. Tafsiri ya haraka ni kwamba alikuwa anaigiza. Familia inajiona imedanganywa, na mara ya pili haichangi tena. Ila tazama kilichobadilika kati ya ndani na nje. Ndani, kengele ilimwamsha, ratiba ilikuwa ukutani, kila saa ilikuwa na kazi yake, kulikuwa na mtu wa kumwambia “twende” kabla hajasahau, na hela hakuzishika. Vitu hivyo ndivyo vinavyompungukia mtu mwenye ADHD, na soba hausi, bila kukusudia, ilikuwa inamkopesha kila siku. Siku alipotoka mlangoni vyote vilikatwa kwa mpigo. Alirudi chumba cha kupanga, peke yake, na hela ya kuanzia maisha mfukoni. Bidii aliyoionyesha ndani ilikuwa ya kweli. Kilichohitajika ni mtu wa kuuona utofauti huo kama dalili, amwandalie nje kitu kinachofanana na kile cha ndani.

Sasa hoja za upande wa pili, ambazo baadhi zina nguvu. Ya kwanza husemwa na madaktari wenyewe: dawa za kulevya huharibu umakini. Anayetumia heroini anasinzia, aliye kwenye arosto hatulii, mvutaji wa bangi anasahau, anayetumia methamfetamini anarukaruka. Ukimpima mtu akiwa katika hali hizo, kila mmoja atatoka na ADHD. Hii ni kweli, na ndiyo sababu tamko la pamoja la wataalamu wa kimataifa la mwaka 2018 linasisitiza kuanza na maswali mapema lakini kutoharakisha uamuzi. Jibu lake limo ndani ya vigezo: hali hii lazima iwe imeanza kabla ya dawa. Kijana aliyeanza kuvuta akiwa na miaka 17 alikuwa na miaka saba ya shule ya msingi nyuma yake, na mama, bibi, kaka mkubwa au mwalimu wanaikumbuka. Katika hili tuna utajiri ambao miji mingi ya Ulaya haina, kwa sababu waraibu wetu wengi bado wana ndugu, na mara nyingi ndugu ndiye aliyewaleta kliniki. Hoja hii, kwa hiyo, inatudai tupime kwa uangalifu, mara mbili, mgonjwa akiwa ametulia kwenye dozi yake. Haitupi ruhusa ya kutopima.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: dawa kuu ya ADHD, methilfenideti, ni kichangamshi kilicho chini ya udhibiti wa kimataifa kwa mkataba wa mwaka 1971. Kumpa mraibu dawa ya aina hiyo, katika jiji ambalo kila kitu kinauzika, kunaogopesha, na anayeogopa ana haki. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikataa maombi ya kuiingiza methilfenideti kwenye orodha yake ya dawa muhimu, mwaka 2019 na tena 2021. Ushahidi kwa waraibu nao umechanganyika. Utafiti wa New York wa mwaka 2006 uliwapa dawa hiyo wagonjwa wa methadoni wenye ADHD na haukuona faida kuliko dawa bandia. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wanaume 54 waliokuwa wakitoka gerezani wakiwa na ADHD na uraibu wa amfetamini. Waliopewa methilfenideti kwa dozi kubwa, kuanzia wiki mbili kabla ya kuachiwa, walibaki kwenye matibabu muda mrefu zaidi na mikojo yao ilikuwa safi mara nyingi zaidi. Ninavyousoma ushahidi huu, kidonge peke yake hakitoshi, na dozi ndogo kwa mtu mwenye uraibu mzito pengine ni kupoteza muda.

Hata hivyo, hofu ya dawa kuuzwa mitaani ina jibu hapa kwetu kuliko mahali pengi. Tuna dirisha ambapo mgonjwa anakuja kila siku na kumeza mbele ya muuguzi. Kichangamshi cha kufanya kazi muda mrefu, kinachomezwa mara moja kwa siku, kinaweza kupita dirishani humohumo bila kidonge hata kimoja kwenda nyumbani. Ipo pia atomoksetini, ambayo si kichangamshi na haina soko kijiweni, ingawa inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Mapigo na moyo vitahitaji kuangaliwa, hasa kwa kuwa methadoni nayo ina athari zake kwenye moyo.

Dhaifu kuliko zote ni hoja inayosikika zaidi, kwamba hiki ni kisingizio kipya. Kwamba zamani mtoto wa namna hii alichapwa akanyooka, na sasa tunawapa mateja karatasi ya kuwaondolea lawama. Anayesema hivyo aende kwenye kijiwe chochote cha Temeke awaulize waliopo walichapwa kiasi gani. Niliowahi kuwauliza walichapwa nyumbani, shuleni na madrasa, wengine hadi wakaacha shule kwa ajili hiyo, na hawakunyooka. Kama viboko vingekuwa dawa ya hali hii, vijiwe vyetu vingekuwa vitupu. Na ile hofu ya kuondoa lawama inageuza mambo. Mgonjwa wa kisukari akiambiwa ana kisukari hapewi ruhusa ya kula sukari. Anapewa kazi mpya ya kufanya kila siku ya maisha yake. Anayeambiwa kwamba ubongo wake hausubiri anapata kazi zilezile: simu imlie kabla ya saa ya kliniki, hela yake aishike dada yake, asipite njia ya kijiwe hata kama ni fupi. Anayeambiwa “huna nia” hapati kazi yoyote ya kufanya, kwa sababu nia anaamini alikuwa nayo, na ilishindwa. Nimewasikia watu wazima wenye watoto wakilieleza hilo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujikatia tamaa, na sioni kitu gani cha heshima au cha maadili kinachopatikana kwa kuwaacha waendelee kuamini hivyo.

Suala la uhaba wa wataalamu ni la kweli na halihitaji maneno mengi. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno kwa jiji hili, na hakuna atakayependekeza kila mraibu aonane na bingwa kwa saa mbili. Ndiyo maana lipo dodoso la maswali sita lililotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ambalo muuguzi au afisa ustawi wa jamii anaweza kulimaliza kwa dakika chache. Lina kasoro: linawanasa wengi wenye hali hiyo, lakini pia linawashika wasio nayo. Linafaa kama chujio la kwanza, na wachache wanaobaki ndio wapelekwe kwa bingwa pamoja na ndugu. Maswali yake yatahitaji kuwekwa katika Kiswahili cha Tandale, na majibu yasikilizwe na watu walioishi maisha hayo, ambao kliniki zetu tayari wanazo kama waelimishaji rika.

Mengi ya kubadilisha hayahitaji kidonge chochote. Uholanzi walipojaribu, katika utafiti uliotoka mwaka 2019, kuunganisha tiba ya mazungumzo ya uraibu na ile ya ADHD, dalili za ADHD zilipungua zaidi kuliko kwa waliopata ya uraibu peke yake, ingawa matumizi ya dawa hayakutofautiana. Ni faida ya wastani, nami siikuzi. Lakini kwetu sisi, ambako kukosa dozi siku chache kunaweza kumwangusha mtu, faida ya wastani, ikimsaidia mtu kuhudhuria, ina thamani kubwa. Mgonjwa aliyeonekana na dalili apigiwe simu asubuhi. Ushauri wake uwe wa dakika kumi na tano mara mbili kwa wiki badala ya saa nzima ya kukaa kwenye benchi. Maelekezo yaandikwe, yasitamkwe tu. Anayetoka soba hausi asitoke kwa mpigo. Arudi kulala siku mbili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza, na hela yake ya kuanzia itolewe kidogo kidogo.

Kuna makundi mawili ambayo kuchelewa kutayaumiza zaidi. Wanawake, ambao tayari ni wachache kwenye kliniki za methadoni kwa sababu ya aibu na ukatili wanaokutana nao, ndio pia ambao mara nyingi ADHD yao haionekani utotoni, kwa kuwa msichana anayeota mchana darasani hasumbui mtu. Na watumiaji wa methamfetamini. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani tatu za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Uraibu wa methamfetamini hauna methadoni yake. Hakuna dozi ya kumvuta mtumiaji aje dirishani kila asubuhi, na wapo kati yao wanaosimulia kwamba wenzao wakivuta wanakesha, wao wanatulia na kulala, jambo ambalo si kipimo lakini linastahili swali la pili. Kwa mtu huyo, kugundua ADHD mapema huenda ndiyo nafasi pekee ya kitabibu tuliyo nayo.

Ninachokiomba kwa Wizara ya Afya na Mamlaka ni kidogo kwa kuanzia: kliniki moja kati ya zilizopo Dar es Salaam, mwaka mmoja, maswali sita kwa kila mgonjwa mpya na kurudiwa baada ya dozi yake kutulia, mahojiano na ndugu kwa watakaobainika, na kuhesabu nani amekosa dozi ngapi kabla na baada ya kubadilishiwa utaratibu. Atomoksetini ijaribiwe kwanza kwa wachache chini ya bingwa. Methilfenideti ifuate tu kama dirisha litathibitika kuwa salama. Fomu ya mapokezi inaweza kuongezewa ukurasa mmoja bila kusubiri bajeti ya mwaka ujao, na ndugu anayemsindikiza mgonjwa aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba anachokikumbuka kuhusu utoto wa mtu huyu kinahitajika.